Mbolea ya Maji Katika Bustani ya Nyumbani: Pima, Funika, Mwagia Chini

Mada iliyotolewa na afisa wa kilimo wa nyanjani kwa vikundi vya bustani za nyumbani katika wadi ya Tiwi, Kaunti Ndogo ya Matuga, Kwale. Tumeichapisha kwa faida ya wakaazi wa wadi nyingine.

 

Mwenyekiti aliponialika aliniambia kuna jambo linalobishaniwa kikundini. Wapo wanaotaka pesa za chama zitumike kununua mbolea ya maji ya chupa inayopitishwa nyumba kwa nyumba. Wapo wanaosema mbolea hiyo mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa samadi ya zizini kwake. Na wapo waliojaribu kutengeneza, mboga zikaungua, wakaapa hawarudii tena. Leo nitawajibu wote watatu. Lakini kabla ya kufika kwenye chupa, tuanze na udongo.

Udongo wetu una sura mbili

Hapa mwambao wengi wetu tunalima kwenye mchanga, au kwenye ardhi ya matumbawe, ile ambayo ukichimba kidogo jembe linagonga jiwe. Mchanga haushiki maji, na usiposhika maji haushiki chakula cha mmea pia. Ukiweka mbolea nyingi kwa siku moja, mvua ya masika ikishuka, hasa ule mwezi wa Mei, sehemu kubwa ya naitrojeni inazama chini mahali ambapo mzizi wa mchicha hauwezi kuifikia. Umelisha ardhi ya chini, mboga yako imelala njaa.

Ndiyo sababu mbolea ya maji inatufaa. Inampa mkulima nafasi ya kulisha kidogo kidogo, mara kwa mara. Chakula kilichomo kimeshayeyuka, kwa hiyo mmea unakichukua upesi. Mboga iliyodumaa kwa kukosa naitrojeni huanza kuonyesha mabadiliko ndani ya wiki moja au mbili.

Lakini sikilizeni neno hili, maana mengine yote yamelizunguka: mbolea ya maji inalisha mmea, haijengi udongo. Ni kama uji kwa mgonjwa. Uji unampa nguvu leo, ila haujazi ghala. Ghala la bustani ni mboji na samadi iliyooza vizuri, ile unayochanganya na udongo kabla ya kupanda. Mboji ndiyo inayoufanya mchanga ushike maji na chakula. Mwenye kumwaga mbolea ya maji juu ya mchanga mtupu kila wiki, bila mboji, atakuwa mtumwa wa ndoo. Siku akisafiri, bustani imekwisha.

Kwa hiyo mpango uwe hivi: mboji kwanza wakati wa kuandaa tuta, matandazo ya nyasi au majani makavu juu yake kuzuia jua, halafu mbolea ya maji iwe nyongeza wakati mboga inakua.

Jinsi ya kutengeneza kwa ndoo moja

Vitabu vingi vinaeleza kwa pipa la lita 200 na samadi kilo 50. Ukiwa na shamba kubwa, sawa. Bustani ya nyumbani haihitaji pipa. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko inatosha, na vipimo vinakwenda kwa uwiano uleule.

Chukua samadi ya ng'ombe au mbuzi kilo 5. Itie ndani ya kipande cha gunia, ufunge mdomo kwa kamba. Weka kijiti kikavuke mdomo wa ndoo, uning'inize gunia hilo kwenye kijiti kama vile unavyotumbukiza jani la chai kwenye maji. Jaza maji, uache nafasi ya upana wa kiganja juu. Gunia linasaidia takataka zisiingie majini, na ukimaliza kazi unalitoa bila shida.

Kila baada ya siku 3, liinue gunia ulishushe mara kadhaa ili maji yachanganyike. Baada ya wiki 2 hadi 3 utaona maji yamekuwa meusi, povu limepungua, na ile harufu kali ya mwanzo imetulia. Hapo iko tayari. Itumie ndani ya mwezi mmoja, maana ikikaa sana naitrojeni inapotea hewani. Masalio ya gunia usiyatupe, yapeleke kwenye shimo la mboji.

Kama samadi yako ni ya kuku, punguza. Kilo 2 zinatosha kwa ndoo ileile, kwa sababu mavi ya kuku yana naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe. Wengi waliounguza mboga walitumia ya kuku kwa kipimo cha ng'ombe.

Asiye na mifugo atumie majani. Majani mabichi na laini ya glirisidia au lukina yana naitrojeni nzuri. Yakatekate, jaza robo tatu za ndoo bila kushindilia, tia maji, funika, na ufuate siku zilezile. Msichanganye hapa na mwarobaini. Mwarobaini tunautumia zaidi kufukuza wadudu. Ukiroweka mwarobaini umetengeneza dawa, na mmea wenye njaa hautashiba kwa dawa.

Kwa wanaofuga sungura, mkojo wake nao hufanya kazi, lakini ni mkali. Lita 1 ya mkojo iende na lita 10 za maji, na umwagie kwenye udongo.

Kinyesi cha mbwa, cha paka na cha binadamu kisiingie kabisa kwenye ndoo hii. Kina minyoo na vijidudu ambavyo wiki tatu za kuroweka haziviui.

Kipimo ndicho kinachotenganisha chakula na sumu

Maji yale meusi hayamwagwi jinsi yalivyo. Ya samadi ya ng'ombe, mbuzi au ya majani, chukua kopo 1 uchanganye na makopo 2 ya maji safi. Ya kuku, kopo 1 kwa makopo 4. Ukimaliza, tazama rangi: iwe kama strungi hafifu. Ikiwa bado nyeusi kama kahawa, ongeza maji. Kwa miche iliyohamishwa karibuni, subiri wiki 2 ishike mizizi kwanza, kisha anza na mchanganyiko wenye nusu ya nguvu hiyo.

Mche mmoja wa sukuma wiki, biringanya au bamia unatosheka na nusu lita kila baada ya wiki 2. Tupige hesabu pamoja. Una miche 30. Kila mche nusu lita, jumla lita 15. Kwa kipimo cha moja kwa mbili, hizo ni lita 5 za mbolea na lita 10 za maji. Ndoo yako, ukishatoa gunia, ikibaki na lita 15, inakupa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza leo, wa pili baada ya wiki 2, wa tatu baada ya wiki 2 nyingine. Ndoo moja imelisha miche 30 kwa mwezi mzima, na hujatoa shilingi mfukoni.

Mwagia wakati wa asubuhi mapema au jioni. Udongo uwe na unyevu, ukiwa mkavu tia maji matupu kwanza. Usimwage kwenye shina lenyewe, zungushia mbali kidogo, upana wa kiganja.

Na si kila mmea una njaa sawa. Mboga za majani hupenda naitrojeni. Nyanya na pilipili hupewa wakati zinakua, zikianza kutoa maua unapunguza, la sivyo utapata kichaka kizuri chenye matunda machache. Kunde hujitafutia sehemu kubwa ya naitrojeni yake kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio mizizini. Kama unapanda kunde kwa ajili ya mbegu, mbolea hii ipeleke kwa mchicha.

Manjano mawili, magonjwa mawili

Mtu akiona jani la manjano anakimbilia ndoo. Ngoja kwanza, angalia ni jani gani.

Yakianza majani ya chini, yale makongwe, mara nyingi hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mbolea ya maji itasaidia. Lakini ukiona ni majani machanga ya juu yanayopauka huku mishipa yake imebaki kijani, hiyo mara nyingi ni njaa ya madini ya chuma, na kwenye ardhi ya matumbawe ni jambo la kawaida. Chuma kinaweza kuwa kimo udongoni, ila chokaa inayotokana na matumbawe inakifungia, mzizi haukipati. Hapo hata ukimwaga ndoo kumi hutaona tofauti kubwa. Dawa yake ni kuongeza mboji kwa wingi msimu hadi msimu, au kupanda kwenye magunia na matuta yaliyoinuliwa yenye udongo ulioletwa kutoka mahali pengine.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza juu ya majivu. Akina mama wengi mmefundishwa kutia majivu ya jikoni bustanini. Majivu yana potasi, hilo ni kweli. Lakini pia yana tabia ya chokaa. Kwenye udongo wenye uchachu yanasaidia. Kwenye matumbawe, ambako chokaa imeshazidi, unaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha koza. Kama jiwe lako ni la matumbawe, majivu peleka kwingine. Na popote ulipo, usiyatie majivu ndani ya ndoo ya samadi. Yanaifukuza naitrojeni ikatoka kama gesi, ile harufu inayochoma pua. Utakachonusa ndicho chakula cha mboga yako kinachokwenda zake.

Asiyejua udongo wake uko upande gani aje ofisini tushauriane juu ya kuupima. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lina maabara za kupima udongo.

Vitu vya pwani: mwani, samaki na chumvi

Nimeulizwa pia juu ya mwani. Wenzetu wa Kibuyuni wanaulima na kuuuza, nasi huku tunaukuta umetupwa ufuoni na mawimbi. Mwani una potasi na madini mengine madogomadogo, ila naitrojeni na fosforasi yake ni kidogo. Unaweza kuuroweka kama majani, lakini kwanza uoshe kwa maji baridi ya kawaida mara mbili au tatu kutoa chumvi. Uchukue kama kitoweo. Samadi ndiyo wali.

Maji ya kuoshea samaki wabichi yana chakula cha mmea, lakini yanaita nzi na paka. Yamwage kwenye shimo la mboji uyafukie. Maji ya kurowekea ng'onda, hayo hapana kabisa. Chumvi ikikaa udongoni mmea unaona kiu hata ukiwa umesimama majini. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kisima chenye maji ya chumvichumvi atumie maji ya mvua kutengenezea mbolea yake akiweza.

Na maji ya sabuni ni maji ya sabuni. Hayawi mbolea kwa kumwagwa bustanini.

Ndoo isije ikaleta ugonjwa nyumbani

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, ni kubwa kuliko mavuno.

Kwanza, mbu. Kaunti yetu ni miongoni mwa zile zenye ugonjwa wa matende, na ndiyo maana watu wa afya wamewahi kupita kutugawia dawa. Huku kwetu mmoja wa mbu wanaoeneza matende ni yule anayependa kuzaliana kwenye maji machafu yaliyotulia. Ndoo ya samadi iliyoachwa wazi kwa wiki tatu nyuma ya nyumba ni hospitali yake ya uzazi. Kwa hiyo kila ndoo ifunikwe kwa kitambaa au kipande cha neti, kifungwe kwa mpira kisiache upenyo, halafu kifuniko kiwekwe juu. Kifuniko usikikaze, kwa sababu ndani kunatoka gesi na ndoo inaweza kupasuka. Kitambaa kinazuia mbu, kifuniko kinazuia mvua.

Pili, watoto. Mwenye kutumia pipa kubwa aweke kitu kizito juu ya kifuniko, aliweke mbali na pale watoto wanapocheza. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Tatu, kisima. Ardhi ya matumbawe ina nyufa, na kinachomwagika juu hufika kwenye maji ya chini upesi. Ndoo, pipa na shimo la samadi vikae mbali na kisima, angalau mita 30, na visiwe upande wa mwinuko ambako mvua itavisukumia kisimani. Tunakunywa maji ya visima hivi sisi na jirani zetu.

Nne, chakula chenyewe. Samadi mbichi inaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo. Kuroweka hakuviui vyote. Kwa hiyo mbolea hii tunaimwagia chini, kwenye udongo. Haipuliziwi wala hairushiwi kwenye majani tunayokula. Mchicha, sukuma wiki na kunde tunazipika, hilo linatusaidia, lakini bado tuzioshe vizuri kwa maji safi. Vile vinavyoliwa vibichi, kama dhania, saladi na vitunguu vya majani vya kachumbari, msivipe kabisa mbolea ya maji ya samadi. Vipandeni kwenye mboji iliyooza vizuri, mmemaliza. Ukishamwagia, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika unga au mtoto. Mwenye kidonda mkononi avae glavu au amwachie mwenzake kazi hiyo.

Nayasema haya kwa sababu bustani ya nyumbani tunaianzisha ili mtoto apate mboga. Haitakuwa faida kama mboga imepatikana na mtoto anaharisha.

Je, chupa?

Sasa niwarudie wenye hoja ya chupa. Sisemi kila mbolea ya maji ya dukani ni mbaya. Zipo nzuri. Lakini kabla ya kufungua sanduku la chama, muulizeni muuzaji maswali matatu.

La kwanza: lebo iko wapi? Chupa isiyo na lebo, au yenye karatasi iliyobandikwa ikitaja tu kwamba inafaa mazao yote, msiinunue. Iwe na alama ya ubora ya KEBS, jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha na maelezo ya kipimo.

La pili: ina naitrojeni, fosforasi na potasi asilimia ngapi? Hapo ndipo bei inapopimwa. Tuseme lebo inasema naitrojeni asilimia 2. Lita moja, yenye uzito wa kama kilo moja, ina takriban gramu 20 za naitrojeni. Kilo moja ya mavi makavu ya kuku inaweza kuwa na kiasi hicho au zaidi, nayo iko bandani kwako. Linganisheni, kisha muamue.

La tatu: itatatua shida gani ambayo samadi yetu haiwezi kuitatua? Kama jibu ni uhaba wa samadi, au ni madini fulani ambayo upimaji wa udongo umeonyesha yamepungua, basi kununua kuna maana. Kama jibu ni kwamba jirani amenunua, pesa zibaki sandukuni.

Jaribuni wenyewe

Sitaki mtoke hapa mkiamini kwa sababu afisa amesema. Chagueni bustani moja ya kikundi. Pandeni mistari miwili ya sukuma wiki, siku moja, mbegu moja, mboji sawasawa, maji sawasawa. Mstari mmoja upeni mbolea ya ndoo kila wiki 2 kwa kipimo tulichosema. Mwingine usipewe. Kila mnapochuma, hesabuni mashada ya kila mstari na mwandike kwenye daftari la chama, pamoja na gharama. Akitaka mtu kuleta chupa yake, apewe mstari wa tatu.

Baada ya miezi miwili daftari litakuwa limemaliza ubishi, na uamuzi wa pesa utakuwa wa kikundi chote. Mimi mniite siku ya kulisoma.

Nikumbushe yale matatu ya kwenda nayo nyumbani: pima, funika, mwagia chini. Na mboji itangulie yote. Sasa maswali, tuanze na akina mama walioko nyuma.

Kwa ushauri zaidi, fika ofisi ya kilimo ya wadi yako.